Programu za sataranji mwanzoni mwa mchezo: dhana na ukweli

"Kompyuta iliona mbali kuliko binadamu, ndiyo maana ikamtoa farasi." Hayo husemwa mpaka leo juu ya mchezo wa sita kati ya Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, na Deep Blue, kompyuta ya sataranji ya IBM, New York, tarehe 11 Mei 1997. Kasparov, mwenye kete nyeusi, alisukuma askari hadi mraba wa h6 katika hatua yake ya saba ili amfukuze farasi aliyekuwa g5. Farasi akarukia e6, akamla askari wa hapo na kujitoa mhanga. Mchezo haukufika hatua ya 20. Kasparov alisalimu amri.

Ni kweli kwamba Deep Blue iliweza kupima mipangilio ya kete ubaoni hadi milioni 200 kwa sekunde. Lakini farasi yule hakutolewa na hesabu hiyo. Hatua ilikuwemo tayari kwenye kitabu cha ufunguzi, yaani mipangilio ipatayo 4,000 iliyoingizwa kwa mkono na mabingwa wa sataranji, hasa Joel Benjamin. Inaniuma jina lake linapoachwa, sifa zote zikapewa mashine.

Dhana nyingine: kitabu hicho ni michezo mizima iliyokaririwa, ukipindisha njia programu inapotea. Sivyo. Programu hutazama ubao ulivyo sasa, haijali umefikaje hapo. Kwenye Polyglot, mfumo wa kuhifadhi vitabu vya ufunguzi, kila mpangilio hupewa namba yake, na chini ya namba hiyo huwekwa hatua pamoja na uzito wake, vyote ndani ya baiti 16. Mweupe akianza d4 kisha c4, au c4 kisha d4, huku mweusi akisogeza farasi hadi f6 na askari hadi e6, namba ni ileile na jibu ni lilelile. Uzito nao ndio unaofanya programu ifungue kwa e4 leo na d4 kesho: hatua yenye uzito mkubwa huchaguliwa mara nyingi zaidi, si kila mara.

Je, bila kitabu programu haiwezi kitu? Stockfish ya leo, programu maarufu ya sataranji, haina kitabu ndani yake. AlphaZero, programu ya DeepMind ya Google, mwaka 2017 ilipewa kanuni za mchezo tu, ikajifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe, na ikazifikia funguzi ambazo watu walikuwa wakizicheza miaka mingi.

Wapo pia wanaoamini kwamba ufunguzi umeshatatuliwa wote. Bado kabisa. Kila upande ukicheza mara mbili tu, njia zinafika 197,281. Majedwali yenye majibu ya uhakika yamekamilika kwa kete 7 ubaoni. Mchezo unaanza na 32.

Na ukiiona programu ikicheza ufunguzi wa ajabu kwenye TCEC, mashindano ya programu za sataranji zenyewe kwa zenyewe, usikimbilie kuuiga. Hapo waandaaji ndio wanaochagua funguzi, tena wanapenda zisizo na usawa, maana programu zikiachwa zianze zenyewe hutoka sare mno. Kila ufunguzi huchezwa mara mbili, pande zikibadilishwa, ili aliyepewa upande mbovu naye aonje ule mzuri.