Vepu na sigara: kwa nini tunakuuliza mara mbili

Kila zinapotoka takwimu za sigara za kielektroniki, yaani vepu, wapo wanaotulaumu sisi tunaofanya mahojiano ya afya kwamba tumezikuza na wapo wanaosema tumezipunguza. Wengi wao hawajasoma swali lililoulizwa, na maana yote ya takwimu hizo imo katika swali.

Mdodosaji humuuliza mtu mzima, "Je, unavuta sigara?" Hujibiwa, "Hapana," na huku kifaa kipo mezani, kitaa chake cha chaji kinawaka. Mhojiwa hadanganyi. Kwake yeye sigara ni ile ya kiberiti na majivu. Hii ni vepu. Ndiyo maana dodoso huuliza kimoja kimoja.

Chukua mfano wa Marekani, ambako mahojiano ya kitaifa ya afya kwenye kaya yamekuwa yakifanyika tangu 1957. Huko, mvutaji wa sigara wa sasa ni yule aliyekwisha kuvuta sigara zisizopungua 100 maishani na bado anavuta, iwe kila siku au siku baadhi. Kwa vepu hakuna sharti la 100. Mhojiwa huulizwa kama amewahi kutumia hata mara 1, kisha kama kwa sasa anatumia kila siku, siku baadhi, au hatumii kabisa. Wa kila siku na wa siku baadhi ndio wanaoitwa watumiaji. Aliyeonja kwa rafiki akaacha hamo. Wanaotuandikia kwamba "mmehesabu hata walioonja" nawaomba wairudie aya hii.

Kwa kipimo hicho, watumiaji wa vepu walikuwa asilimia 4.5 ya watu wazima wa Marekani mwaka 2019, wakashuka hadi 3.7 mwaka 2020, wakafika 6.5 mwaka 2023. Wastani huo unaficha mengi. Mwaka 2023, kwa wenye umri wa miaka 21 hadi 24, ilikuwa asilimia 15.5.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni historia ya watumiaji hao. Mwaka 2021, katika kila watumiaji 10 wa vepu, takriban 4 walikuwa wameacha sigara, 3 walikuwa bado wanazivuta, na 3 hawakuwahi kuwa wavutaji. Lakini kwa vijana wa miaka 18 hadi 24, zaidi ya 6 katika 10 hawakuwahi kuwa wavutaji. Kwa mtu wa makamo, mara nyingi vepu imekuja baada ya sigara. Kijana huyu hakuwa na sigara ya kuacha. Nikotini ameianzia hapo.

Tena, si "mvuke wa maji tu". Kimiminika kile ni propileni glikoli, gliserini, viungo vya ladha na, mara nyingi, nikotini. Kikipashwa moto huweza kutoa kemikali kama fomaldehaidi.

Sasa kundi la wanaochanganya. Huwa wanatuambia kwa fahari kwamba wamepunguza: vepu kazini, sigara 2 au 3 jioni. Jitihada hiyo naiheshimu. Mvutaji akihamia vepu moja kwa moja na kuacha sigara kabisa, anaepuka lami na kaboni monoksaidi ya moshi. Lakini moyo haupigi hesabu ya kugawanya. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sigara 1 kwa siku hubeba karibu nusu ya ongezeko la hatari ya ugonjwa wa moyo linaloletwa na sigara 20.

Kuhusu hofu ya kutajwa jina: katika utafiti huo wa Marekani, majibu hulindwa na sheria. Mtumishi anayetoa taarifa za mhojiwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 5, kutozwa faini hadi dola 250,000, au vyote viwili. Kushiriki ni hiari, na swali lolote unaweza kuliruka. Kwetu sisi, swali lililorukwa ni afadhali kuliko "hapana" isiyo ya kweli, kwa sababu lililorukwa tunaliona na hiyo "hapana" hatuioni.

Kwa daktari pia usiishie kusema "sivuti". Mtajie kifaa, nguvu ya nikotini iliyoandikwa kwenye chupa, unatumia siku ngapi kwa wiki, na kama bado kuna sigara ya kuwasha, hata ile moja ya jioni.