Kwa nini sheria ya bunduki humbana kwanza mwenye leseni?

Mwaka 1997 Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote zilizokuwa mikononi mwa raia, isipokuwa Ireland Kaskazini. Waliopanga foleni kuzisalimisha hawakuwa majambazi. Wengi walikuwa wanachama wa klabu za kulenga shabaha, watu wenye vyeti vya polisi vya kumiliki silaha, na bastola walizorudisha zilipita 160,000. Tangu hapo mlenga shabaha wa bastola aliyetaka kuiwakilisha nchi yake ilimbidi aende kufanya mazoezi nje, hadi Olimpiki ya London ya 2012 ilipokaribia ndipo serikali ikawapa kibali maalumu wachache. Jambazi hakujaza fomu yoyote.

Malalamiko haya husikika kila nchi inapokaza sheria za silaha: mbona anabanwa anayetii? Swali ni la haki. Jibu lake la kwanza ni la kiofisi tu. Sheria humfikia aliyeandikwa. Leseni ina jina, anwani na namba ya silaha, hivyo kanuni ikibadilika barua inajua mlango wa kubisha. Bunduki isiyo kwenye rejista hupatikana kwa msako, kwa mtoa habari, au ikiwa imeshaua mtu.

Jibu la pili linauma zaidi. Ukiacha zile zinazofuliwa vichochoroni, au siku hizi kuchapishwa nyumbani kwa printa za 3D, bunduki nyingi haramu zilianza maisha yake kihalali. Zilitoka kiwandani zikiwa na namba, zikauzwa kwa raia, polisi au jeshi. Baadaye moja iliibwa kabatini, nyingine ikanunuliwa na mtu mwenye rekodi safi kwa niaba ya asiyeruhusiwa, nyingine ikauzwa mkono kwa mkono bila karatasi. Mwenye leseni ndiye mlango wa mwisho kabla silaha haijapotea machoni pa sheria, na mlango ndipo watunga sheria huweka kufuli.

Tena leseni haisomi moyo wa mtu. Aliyewaua watoto 16 na mwalimu wao huko Dunblane, Uskoti, Machi 1996, alitumia bastola alizozimiliki kihalali. Aliyewaua watu 51 misikitini Christchurch, New Zealand, mwaka 2019, alikuwa na leseni pia. Lakini aliyewaua watu 35 Port Arthur, Australia, Aprili 1996, hakuwa nayo, na bado wenye leseni wa Australia walilipa gharama ya kosa lake kama wenzao wa Uingereza. Hapo ndipo naona mlalamikaji ana hoja isiyojibika kirahisi.

Gharama yenyewe ni ipi? Australia ilichukua siku 12 tu baada ya mauaji yale kufikia makubaliano ya nchi nzima. Bunduki ndefu zinazojipakia risasi zenyewe zilikatazwa kwa watu wengi. Anayetaka silaha lazima aonyeshe sababu ya kweli, kama uwindaji, shamba au michezo, na kujilinda hakukubaliwi kuwa sababu. Kila silaha inahitaji kibali chake, na kibali kina muda wa kusubiri. Nyumbani bunduki hukaa imefungiwa, na risasi zimefungiwa kivyake, na polisi wana haki ya kuja kukagua. Japani ni kali zaidi: kuna darasa, mtihani wa kuandika, mtihani wa kulenga, uchunguzi wa afya ya akili, na maswali kwa wanaokufahamu. Kwa mkulima anayetaka kufukuza wanyama waharibifu, mengi ya haya ni usumbufu mtupu. Ila sharti la kufungia silaha sioni ubaya wake hata kidogo, maana linamkinga mwenye mali dhidi ya mwizi, na watoto wake dhidi ya ajali.

Katiba ya Australia hairuhusu serikali kuu kutwaa mali ya mtu bila fidia ya haki. Kwa hiyo bunduki zipatazo 650,000 zilinunuliwa, na fedha zikatoka kwenye makato ya bima ya afya yaliyopandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 1.7 kwa mwaka mmoja. Walipa kodi wengi waliuchangia mzigo, hata ambao hawajawahi kushika bunduki.

Marekani ilipita njia nyingine. Sheria ya 1986 inakataza serikali ya shirikisho kuunda rejista ya wamiliki. Badala yake, tangu Novemba 1998, duka lenye leseni hupeleka jina la mnunuzi likakaguliwe kwanza. Mtu mwema anaweza kucheleweshwa kwa sababu jina lake limefanana na la mhalifu, na wengine huishia kuomba namba maalumu ya utambulisho ili yasijirudie kila wanaponunua. Muuzaji wa kawaida asiye na duka, kwa sheria ya shirikisho, halazimiki kukagua jina la anayemuuzia, ingawa baadhi ya majimbo yanamlazimisha. Na kwa kuwa kila jimbo lina kanuni zake, silaha iliyo halali asubuhi inaweza kukupeleka mahabusu jioni baada ya kuvuka mpaka. Sheria hiyohiyo ya 1986 humkinga msafiri, mradi silaha haina risasi, haipo karibu na mkono wake, na ni halali kule atokako na kule aendako.

Kosa kubwa, nadhani, ni kudhani kila usumbufu huzaa usalama. Kanada ilipitisha mwaka 1995 sheria ya kusajili hata bunduki ndefu za wawindaji na wakulima. Wananchi waliambiwa gharama halisi, baada ya ada kukusanywa, ingekuwa dola milioni 2. Mwaka 2002 mkaguzi mkuu wa hesabu alionya kuwa mpango wote wa silaha ungepita dola bilioni moja. Polisi wengi waliitetea rejista hiyo, wawindaji waliichukia, na mwaka 2012 bunge liliifuta. Usajili wa bastola, ulioanza mwaka 1934, uliachwa kama ulivyo, na Quebec ikaamua kuanzisha rejista yake yenyewe ya bunduki ndefu.