Bastola yako ya filamu imekwaruzwa na nani?

Jumatatu ameingia kijana karakanani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na bastola ya bandia, ya leza kama zile za filamu za anga, iliyochapwa kwa printa ya 3D. Umbo safi, imepigwa praima (rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine), imepulizwa rangi nyeusi bila michirizi. Halafu akachukua brashi ya waya akaikwangua yote, kuanzia mdomo hadi kitako, mpaka ndani ya mifereji. "Fundi, si nimeshaichakaza? Mbona haifanani na ya kwenye filamu?" Huyu ni wa nne mwaka huu kuniletea jambo lile lile. Nimechoka kulieleza kwa mdomo, kwa hiyo naziandika hapa dhana potofu ninazozisikia kuhusu kuchakaza, yaani kukifanya kifaa kipya kionekane kimetumika miaka mingi, na majibu yangu.

Dhana: Kuchakaza ni kukwaruza na kupaka uchafu kila mahali

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana inaharibu kazi iliyokuwa imeshasimama. Hakuna kitu kinachochakaa kila mahali. Kitu huchakaa pale kinaposhikwa, kinapogongwa, kinaposuguana na mkanda, na pale maji yanapotuama. Nenda Kibirizi ukaangalie boti za mbao zinazopakia abiria. Rangi imeliwa pale kamba inapopita na pale watu wanapokanyaga wakipanda. Shubiri moja pembeni yake, rangi ipo kama ya jana. Angalia tangi la bodaboda: limepauka pande mbili yalipo magoti ya dereva, juu bado linang'aa. Mpini wa jembe la mama yako una sehemu mbili laini, na sehemu hizo ndizo mikono yake.

Kwa hiyo kabla sijagusa msasa, namuuliza mteja. Nani alikuwa anaibeba? Kwa mkono upi? Ilikaa kiunoni ndani ya mfuko wa ngozi, au ilining'inia begani? Mhusika wako aliishi jangwani au ndani ya chombo cha anga? Asiyeweza kujibu namrudisha nyumbani akafikirie kwanza, na sioni haya kumrudisha. Bastola inayoingia na kutoka mfukoni hupauka ncha ya mdomo na kingo za ubavu. Anayetumia mkono wa kushoto ataichakaza upande mwingine kabisa. Chini ya kidole gumba patakuwa laini, na kwenye mfereji ulio karibu nako uchafu utajikusanya, kwa sababu kidole hakifiki.

Swali la pili ni hili: chini ya rangi kuna nini? Vifaa vingi vya filamu za anga vilijengwa juu ya vitu halisi. Bastola ya Han Solo katika Star Wars ya 1977 ilianza kama Mauser C96, bastola ya Kijerumani, ikaongezewa darubini na vipande vingine. Mpini wa upanga wa mwanga wa Luke, shujaa wa filamu hiyo hiyo, ulikuwa mshikio wa flashi ya kamera, Graflex. Mauser ni chuma kilichotiwa weusi, kwa hiyo weusi ukilika kinatokea chuma cha kijivu. Kijana wangu alipokwangua kwa waya, kilitokea nini? Praima nyekundu, kisha plastiki nyeupe. Jicho la mtazamaji halihitaji kuambiwa zaidi.

Ndiyo maana tunaanza kutoka ndani. Baada ya praima, puliza rangi ya fedha, uifunge kwa vanishi ya maji, uiache ikauke kabisa. Kisha lowanisha sehemu zile tu ulizozichagua kwa sababu, unyunyize chumvi ya mawe. Sisi tuna bahati, Uvinza inakotoka chumvi ni jirani. Changanya punje kubwa na ndogo, maana chumvi iliyosagwa sawasawa hutoa madoa yanayofanana kama upele. Ikikauka, puliza rangi ya juu, subiri, halafu sugua kwa mswaki wa zamani: chumvi inang'oka pamoja na rangi iliyoifunika, na fedha inachungulia. Osha kwa maji safi chumvi isibaki. Kwenye kingo tumia kipande cha sponji ya godoro. Kichovye kwenye rangi ya fedha, kipanguse kwenye gazeti hadi rangi ikaribie kwisha, ndipo uguse.

Dhana: Mawese na masizi hutoa uchafu wa asili

Mawese ni ya mboga. Hayakauki, rangi haishiki juu yake, vumbi linanata, na baada ya wiki kadhaa kifaa kinanuka. Ukitaka uchafu wa mafuta, chukua rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea, uilainishe kwa tapentaini, uipake juu ya vanishi iliyokauka, kisha uifute kwa kitambaa ibaki mifereji tu.

Dhana: Kitu cha zamani lazima kiwe na kutu nyekundu

Kutu nyekundu ni ya chuma. Alumini hutoa ungaunga mweupe, shaba huenda kijani, plastiki hupauka. Amua kwanza kipande ni cha nini.

Dhana: Ukiianika juani itazeeka yenyewe

Itapinda. Plastiki ya PLA, ambayo printa nyingi hutumia, huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na gari lililofungwa kwenye jua la mchana linaweza kufika huko. Nimeshapokea mbili zilizosahauliwa juu ya dashibodi.

Dhana: Kuongeza vipande ni kuharibu nakala

Kama unataka ile ile iliyoonekana kwenye filamu, usiongeze kitu. Kama mhusika ni wako, ongeza, ila kila kipande kiwe na kazi unayoweza kuieleza. Mafundi redio wana vitufe na vipoza joto vya amplifaya zilizokufa, na mimi huchukua vyangu huko. Gundisha kabla ya rangi; ukigundisha juu ya rangi, gundi inashika rangi, haishiki plastiki, na kipande kitadondoka.

Na tafadhali, mdogo wangu, usitembee nayo mkononi barabarani. Iweke kwenye begi, na mkitaka kupiga filamu nje, waarifuni polisi na serikali ya mtaa kwanza. Kwa mtu aliye mita 20, bastola iliyochakazwa vizuri ni bastola.

Dhana: Vanishi inaua uchakavu

Inayoua ni vanishi ya kung'aa, ile ya makabati. Tumia isiyong'aa, tabaka mbili nyembamba. Ikikauka, chukua penseli laini, 4B au zaidi, sugua unga wake kwa kidole kwenye zile kingo za fedha: zitang'aa kama chuma kilichoshikwa miaka mingi. Penseli iwe ya mwisho kabisa, maana ukipuliza vanishi juu yake mng'ao huo unazimika.