Je, wajua kwa nini mshairi alimpa mpenzi wake kitunguu badala ya waridi?

Carol Ann Duffy, mzaliwa wa Glasgow huko Scotland, ana shairi fupi liitwalo "Valentine", lililo katika diwani yake ya mwaka 1993, *Mean Time*. Mshororo wa kwanza unakataa papo hapo waridi jekundu na moyo wa satini. Kisha anayezungumza anatoa zawadi yake: kitunguu. Na anasema kwamba anajaribu kusema kweli.

Kwa nini kitunguu? Waridi limetolewa na watu wengi mno, kwa miaka mingi mno, hata halituambii tena lolote kuhusu wawili hawa hasa. Kitunguu hakijachakaa namna hiyo, na kila anachodai Duffy kuhusu kitunguu chake unaweza kukihakiki kwa mikono yako. Ukikimenya, ganda moja linafuata jingine, kama wapendanao wanavyovuliana taratibu. Kinatoa machozi. Harufu yake inabaki midomoni na vidoleni hata baada ya kunawa. Yote hayo anayahamishia kwenye mapenzi, na ndani ya kitu hicho kimoja uzuri na maumivu vinakaa bila kutenganishwa: kitunguu ni mwezi uliofungwa kwa karatasi ya kaki, na kitunguu hichohicho kinakupofusha kwa machozi.

Panapostahili kusomwa polepole zaidi ni kwenye ahadi. Busu la kitunguu, anasema, litadumu midomoni, king'ang'anizi na aminifu kama sisi tulivyo, kwa muda wote tutakaokuwa hivyo. Uaminifu umetajwa, na mpaka wake umetajwa hapo hapo. Baadaye duara za ndani za kitunguu zinapungua mpaka zinakuwa pete ya ndoa, halafu anaongeza maneno mawili matatu yenye maana ya "ukipenda". Je, huyu anaposa, au anaonya? Shairi halitoi jibu, na mshororo unaofuata ni neno moja tu: ya kufisha. Kisha linakwisha kwenye kisu.

Sasa liweke kando yake shairi la Rita Dove, "Cozy Apologia", kutoka diwani ya *American Smooth* ya mwaka 2004. Dove ni Mmarekani, mshindi wa tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1987. Shairi hili amelitabaruku kwa Fred, yaani mumewe, mwandishi Mjerumani Fred Viebahn, waliyefunga ndoa mwaka 1979.

Yale aliyoyatupa Duffy, Dove anayaokota kwa furaha. Chochote nikitazamacho kinanikumbusha wewe, anasema: taa hii, mvua isiyo na upepo, wino wa buluu unaokauka kwenye karatasi. Kisha anamvika mumewe deraya, anampandisha farasi wa madoadoa, miguu kwenye vikuku vya fedha vya tandiko, jicho moja likitabasamu na jingine likimkazia adui. Ni picha kongwe kuliko hata waridi. Dove anajua hivyo, na anaichora akitabasamu kwa sababu mtu anayemwazia yuko karibu kabisa, kwenye meza yake ya kazi, na kompyuta mbele yake.

Nje kuna kimbunga. Floyd kilipiga pwani ya mashariki ya Marekani mwezi Septemba 1999, na Dove anashangaa kwamba kina jina la kiume. (Vimbunga vya Atlantiki vilianza kupewa majina ya kiume mwaka 1979, mwaka uleule alioolewa.) Jina hilo linamrudisha kwa wavulana wa ujana wake, wasio na kipaji ila kubusu, watamu kwa nje na watupu ndani.

Umbo la mashairi haya linafanya nusu ya kazi. La Duffy ni shairi huru, lisilo na vina, na baadhi ya beti zake ni mshororo mmoja. Zinasomeka kama amri: shika, chukua. La Dove lina beti tatu za mishororo kumi kumi. Ubeti wa kwanza una vina vya jozi vilivyonyooka, vinavyolingana na hadithi ya shujaa wa farasi. Kimbunga kinapokaribia, vina vinaanza kulegea, na sentensi inayokitaja Floyd inavunja ukuta, ikaanzia ubeti wa pili na kumalizikia katika wa tatu.

Kwangu mimi, moyo wa shairi la Dove ni pale anapokiri kwamba furaha hii inamtia haya. Wameridhika, anasema, ingawa hawafikii umungu. Na mambo ya kawaida yamekuwa habari lini? Nadhani hapo amethubutu kuliko Duffy. Machozi na kisu vina msisimko wake wenyewe, na msomaji huviamini haraka. Kumfanya msomaji ajali watu wawili waliotulia, kila mmoja kwenye meza yake, ni kazi ngumu zaidi, nami naona Dove ameimudu.

Tofauti yao kubwa inatokana na wakati ambao kila mmoja anausemea. Msemaji wa Duffy anatoa zawadi ambayo bado haijapokelewa. Hatuambiwi hata kama mpenzi huyo ni mwanamume au mwanamke, na mkono ulionyoosha kitunguu unasubiri jibu. Dove anazungumza na mtu aliyekwisha kujibu miaka 20 kabla ya kimbunga hicho, ndiyo maana hana haja ya kumwonya. Duffy anamaliza kwa neno "kisu". Dove anamaliza kwa neno "wewe".