“Si Ulishatolewa Goita?” Maneno Tunayoambiwa Baada ya Kutolewa Thairoidi

Julai ya Nairobi ina ubaya mmoja kwa mtu asiye na thairoidi, ile tezi ya shingoni: ukisema unasikia baridi, kila mtu anasikia baridi. Nilikuwa nimevaa sweta mbili na soksi nzito ndani ya nyumba, mwaka mmoja tangu nitolewe tezi yote, na shangazi akanijibu kutoka jikoni, “Wewe nawe, si ni Julai?” Kisha akaniletea chai. Nia yake ilikuwa njema. Ila chai hiyo ilikuwa sehemu ya shida yangu, na aliyenifumbua macho ni mtu ambaye sikumjua kabisa, mwenye kovu shingoni kama langu.

Sasa tuko kumi na mmoja hivi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana South B, katika chumba cha nyuma cha kanisa moja, tunachanga pesa ya mandazi na tunaongea. Kuna waliotolewa kwa sababu goita, yaani uvimbe wa tezi hiyo, ilikuwa imebana koo, kuna ambao tezi ilifanya kazi kupita kiasi hadi moyo ukawa unakimbia, na kuna wa saratani. Haya ninayoandika ni maneno tuliyoambiwa na watu, na mengine tuliyojiambia wenyewe kabla hatujajuana.

“Si ulishatolewa? Sasa unaumwa nini?”

Hili ndilo la kwanza, na linauma zaidi likitoka kwa aliyekulipia bili.

Tezi dundumio, ile tunayoiita thairoidi, hutengeneza homoni inayoamua kasi ya karibu kila kitu mwilini: moyo, utumbo, joto, ngozi, hata wepesi wa kufikiri. Ikitolewa yote, kazi hiyo inabebwa na kidonge cha levothairoksini, kila siku, maisha yote. Wengi hurudi kwenye hali yao vizuri. Lakini inakadiriwa kwamba watu 5 hadi 10 kati ya kila 100 wanaotumia dawa hii hubaki na uchovu, usahaulifu, uzito usioshuka au huzuni isiyo na jina, hata vipimo vya damu vikiwa sawa. Watafiti bado wanabishana kuhusu sababu. Mojawapo inayotajwa sana ni kwamba tezi yenye afya hutoa homoni za aina mbili, T4 na T3, na karibu sehemu ya tano ya T3 ya mwili hutoka moja kwa moja kwenye tezi. Kidonge chetu ni T4 peke yake. T3 yote inabidi ini, figo na viungo vingine viitengeneze kutokana nayo, na huenda si kila mwili unaimudu kazi hiyo kwa kiwango kimoja.

Kwa hiyo anayelalamika si lazima awe anadeka.

“Kungekuwa na shida, daktari angeiona”

Daktari anakuona dakika chache, na benchi la nje limejaa hadi mlangoni. Anaona karatasi ya maabara na kovu lililopona.

Hata mabingwa limewapata hili. Emil Theodor Kocher, mpasuaji wa Bern huko Uswisi, ndiye aliyeufanya upasuaji wa goita uwe salama, wakati ambapo wengi walikuwa wakifia mezani kwa kuvuja damu. Alikuwa anatoa tezi nzima, kidonda kinapona, mgonjwa anarudi kwao. Mwaka 1882 mwenzake wa Geneva, Jacques-Louis Reverdin, alimdokeza kwamba baadhi ya wagonjwa wake mwenyewe walikuwa wamebadilika vibaya baada ya upasuaji. Kocher akawaita wake warudi awaangalie. Mwaka 1883 akatoa taarifa: wengi wa waliotolewa tezi yote walikuwa wamevimba uso, wazito wa miguu, wenye kusikia baridi, akili zikienda polepole. Watoto walikuwa wameacha kukua. Dawa haikuwepo hadi 1891, George Murray wa Uingereza alipoanza kumdunga mgonjwa mmoja maji ya tezi ya kondoo. Mama huyo aliishi hadi 1919. Kocher naye alipewa Nobel mwaka 1909.

Kila nikiwasimulia wenzangu kisa hiki, tunakwama palepale. Kila mmoja wa wale wagonjwa, kijijini kwake, lazima alionekana mvivu tu. Walipowekwa pamoja ndipo ugonjwa ulipoonekana.

“TSH imepanda, punguza dawa”

Hapana! Kosa hili nimelisikia hata kwa watu waliosoma. TSH, homoni tunayopimwa kwenye damu, haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi. Homoni ikipungua, sauti ya kuhimiza hupanda. TSH ikiwa juu maana yake mara nyingi ni kwamba dawa haitoshi, au haifiki inakotakiwa.

“Kidonge ni kidonge, wewe meza tu”

Hapa ndipo kikundi kiliponilipa.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na orodha ndefu: nywele zinakatika, choo kimefunga, nasahau jina la mtoto wa jirani, dozi imeongezwa mara mbili na bado. Mama mmoja wa Kayole alinisikiliza hadi mwisho. Hakuniuliza nameza ngapi. Aliniuliza, “Unameza saa ngapi, na nini?”

Nikamwambia asubuhi, na chai, kama watu wote. Akaweka kikombe chake chini.

“Chai ya maziwa?”

Nairobi kuna chai nyingine?

Levothairoksini hunyonywa vizuri tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula au kunywa kitu kingine. Maziwa yana kalsiamu, na kalsiamu huishika dawa tumboni isipite. Kahawa nayo hupunguza, soya vilevile. Vidonge vya kalsiamu na vya madini ya chuma vinatakiwa vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne. Mimi nilitoka hospitali na levothairoksini kwenye pakiti yake na kalsiamu kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu “1x3”. Hakuna aliyeniambia zisikutane. Nilikuwa naziweka zote kiganjani na kuzisukuma kwa kikombe kimoja cha chai, kwa nidhamu kabisa, bila kukosa hata siku moja, mwaka mzima.

Nilibadilisha. Maji alfajiri saa kumi na moja kabla ya kukimbizana na matatu, chai baadaye, kalsiamu mchana na usiku. Nilimweleza daktari, akaniambia tupime baada ya wiki nane bila kugusa dozi. Dawa hii haina haraka. Nusu yake huchukua kama wiki moja kutoka mwilini, kwa hiyo kupima mapema ni kupoteza pesa. TSH ikashuka. Baadaye ikabidi dozi ile iliyokuwa imeongezwa ipunguzwe.

Kwa asiyeweza kungoja chai, kuna njia ya kumeza usiku, zikiwa zimepita saa tatu au zaidi tangu chakula cha jioni. Mmoja wetu anayepika mandazi ya kuuza kuanzia usiku wa manane alipangiwa hivyo na daktari wake, na imemfaa.

Mengine madogo niliyookota hapo hapo: dawa hii haipendi joto, mwanga wala unyevu, kwa hiyo isikae kwenye rafu juu ya jiko. Na duka la dawa likikupa ya kampuni nyingine kwa sababu ile yako imeisha, andika tarehe na umwambie daktari, maana huenda ukahitaji kupimwa tena.

“Dawa iliyomsaidia mwenzako itakusaidia”

Sheria moja tu ndiyo imeandikwa ukutani mwetu: *hatulinganishi dozi*. Iliwekwa baada ya dada mmoja kujiongezea kidonge kwa kumwiga jirani yake wa kiti. Akaanza kutetemeka mikono na moyo kumgonga usiku.

Jirani huyo alitolewa kwa saratani. Baadhi ya wagonjwa wa saratani ya thairoidi hupewa dozi ya juu kwa makusudi, ili TSH ishuke chini kabisa isije ikachochea chembe zilizobaki. Mwenye goita ya kawaida hahitaji hivyo. Kovu ni lile lile, kidonge ni kile kile, lakini lengo ni tofauti. Kuzidisha kwa muda mrefu kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuilegeza mifupa, hasa kwa waliokoma hedhi.

Kuhusu vidonge vya T3, ambavyo kila mgeni huviulizia: majaribio ya kuvichanganya na T4 yametoa majibu yanayopingana, na mengi hayakuona tofauti kubwa. Kuna madaktari wa homoni wanaokubali kumjaribishia mgonjwa mmoja mmoja huku wakimfuatilia. Hilo ni jambo la kuongea kliniki. Si la kununuliana.

“Kila kitu ni thairoidi”

Dhana hii ni yetu wenyewe, na nadhani ndiyo hatari ya kweli ya vikundi kama chetu. Watu kumi na mmoja wenye ugonjwa mmoja wataona ugonjwa huo hata kwenye kikohozi.

Mwenzetu mmoja alikuwa anachoka hadi kupanda ngazi za daraja la wapita njia ni mtihani. Tulimwelekeza kwenye chai, kwenye saa, kwenye mwanga wa dirisha. TSH yake ilikuwa nzuri kila mara. Alikuwa anapata hedhi nzito miezi yote hiyo, hajaitaja kwa sababu hakudhani inahusiana, na kipimo rahisi cha damu kikaonyesha upungufu mkubwa wa damu. Uchovu unaweza kuwa damu, vitamini B12, kisukari, kukoroma na kukatika pumzi usingizini, kukaribia kukoma hedhi, au mfadhaiko wa moyo. Tulimwomba radhi. Siku hizi mtu akisema amechoka, swali la pili ni amepimwa nini kingine.

“Kula mwani, meza biotini”

Mwani una iodini nyingi, na iodini ni malighafi ya thairoidi. Kiwanda kimeng’olewa, malighafi ya nini?

Biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, ni hila zaidi. Nywele zikikatika, mtu hununua vidonge vya nywele, na vingi vina biotini nyingi. Katika baadhi ya mashine za maabara, biotini huharibu kipimo: TSH inaweza kusoma chini kuliko ilivyo na homoni ikasoma juu, ikaonekana unameza dawa nyingi mno. Ukiwa unavitumia, sema kabla ya kutolewa damu. Kwa kawaida utaambiwa uviache siku mbili au zaidi kabla ya kupima.

“Kwenda kikundini ni kwenda kulia pamoja”

Tunalia, ndiyo, sitaficha. Lakini mwanamume wetu wa pekee, dereva wa lori, alikaa miezi mitatu bila kusema neno. Tulidhani ni aibu ya kuwa peke yake kati ya wanawake. Kumbe ilikuwa sauti. Tangu upasuaji ilikuwa imekwaruza, ikififia kufikia jioni, na matajiri wake wakimpigia simu walidhani amelewa. Siku alipoongea, fundi cherehani mmoja aliyekaa karibu naye akamjibu kwa sauti ile ile.

Neva zinazoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma kabisa ya tezi, na zinaweza kuguswa au kuvutwa wakati wa upasuaji. Wengi hupata nafuu katika miezi ya mwanzo. Isiporudi, kuna daktari wa koo anayeweza kutazama nyuzi hizo kwa kamera ndogo, na kuna mazoezi ya sauti yanayosaidia. Dereva hakujua kwamba hilo ni jambo la kuulizwa. Alidhani ni bei ya kutolewa. Tulimwandikia maswali matatu nyuma ya kadi yake ya kliniki, akaenda nayo.

“Ganzi kidogo ni kawaida, nitawauliza Jumamosi”

Nyuma ya thairoidi kuna tezi nyingine, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Hizo ndizo zinazosimamia kalsiamu ya damu. Zikishtuka au zikitolewa kwa bahati mbaya, kalsiamu hushuka, mara nyingi katika siku za mwanzo baada ya upasuaji. Huanza na kuwashwa au ganzi kuzunguka midomo na kwenye ncha za vidole, kisha misuli inakaza. Hilo halisubiri kikao, wala halisubiri kesho.

Mwezi uliopita dada mmoja aliyekuwa ametoka hospitali siku tatu tu alimpigia mama wa Kayole saa tatu usiku. Vidole vilikuwa vimejikunja, na alitaka kujua kama sisi pia tulipitia hivyo. Mama akamwambia, “Mwanangu, kata simu uvae viatu.” Shemeji yake akampeleka kwa teksi, akawekewa kalsiamu kwa dripu usiku ule, na akarudishwa nyumbani na ratiba mpya ya vidonge.

Jumamosi alikuja South B, skafu shingoni, plasta bado mkononi. Kabla hajakaa vizuri aliuliza kama kuna chai. Tukamwuliza amemeza saa ngapi.