Je, wajua kwa nini wafalme wa Tudor hawakutulia katika kasri moja?

Mgeni anayeingia leo katika Ukumbi Mkuu wa Hampton Court, kasri lililo kando ya mto Thames kusini-magharibi mwa London, hukutana na paa refu la mbao zilizonakshiwa na sakafu ambayo karibu haina samani. Ni rahisi kudhani kwamba vyombo vya kifalme viliibwa au kuuzwa. Ukweli ni kwamba hata enzi za Henry VIII vyumba vingi vya kasri hili vilibaki vitupu kwa muda mrefu, kwa kuwa mfalme alipoondoka, vitu vya thamani viliondoka pamoja naye.

Nasaba ya Tudor, iliyotawala Uingereza kuanzia 1485 hadi 1603, iliishi kwa kuhamahama. Henry VIII alipofariki mwaka 1547 alikuwa na nyumba zaidi ya 50. Ufahari ulichangia, lakini sababu ya kwanza ya safari hizo huonekana wazi zaidi jikoni.

Majiko ya Hampton Court, yenye meko makubwa ambamo nyama ilichomwa kwa kuzungushwa mbele ya moto, yalilisha mamia ya watu mara 2 kwa siku. Maofisa wa mfalme walikuwa na haki ya kununua nafaka na mifugo kwa wakulima wa jirani kwa bei iliyo chini ya ile ya soko, hivyo kila wiki ambayo mfalme alikaa mahali pamoja ilikuwa mzigo mzito kwa wenyeji. Kuhama kuliwapa nafuu na kuliipa ardhi muda wa kuzalisha tena.

Sababu ya pili ni uchafu, ambao waongoza watalii wengi huupitia haraka, ingawa naona hauwezi kuachwa. Hapo Hampton Court palikuwa na choo kikubwa cha pamoja ambacho watu 28 waliweza kukitumia kwa wakati mmoja, na usafi wa kina wa mashimo na mifereji ulisubiri msafara wa kifalme uondoke. Palipokuwa na watu wengi hivyo, maradhi nayo yalitisha: mwaka 1528, ugonjwa wa jasho (homa ya kuambukiza iliyoweza kuua kwa saa chache) ulipozuka, Henry alikimbia kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Kulikuwa pia na siasa. Mwaka 1535, muda mfupi baada ya kujitenga na Kanisa la Roma, Henry alizuru magharibi ya nchi pamoja na malkia Anne Boleyn, akiwinda na kujionyesha kwa raia ambao utii wao aliuhitaji sana wakati huo.

Mazulia ya ukutani yalifaa sana kwa maisha ya namna hiyo, kwani yalizuia baridi, yalitangaza utajiri, na yalikunjwa na kupakiwa kwenye mkokoteni au mashua. Henry alikuwa nayo zaidi ya 2,000. Yale yanayosimulia habari za Abrahamu, yaliyofumwa Brussels kwa hariri na nyuzi za dhahabu na fedha, bado yanatundikwa katika Ukumbi Mkuu. Rangi zimefifia, lakini ukisogea karibu utaona uzi wa dhahabu ukimetameta kwenye mikunjo ya mavazi.

Nakshi za mbao hazikuweza kukunjwa wala kupakiwa. Anne alikatwa kichwa katika Mnara wa London tarehe 19 Mei 1536, na siku 11 baadaye Henry akamwoa Jane Seymour. Mafundi waliagizwa kuondoa alama zote za malkia aliyeuawa, lakini kazi ilikuwa ya haraka na nakshi zilikuwa nyingi. Kwenye kiambaza cha mbao cha ukumbi huo huo, mwenye subira ya kutazama bado ataiona H iliyosokotana na A.