Prosesa kuingia kwenye soketi si hakikisho

Wengi wanaojiundia kompyuta ya gemu huamini kwamba prosesa (chipu kuu inayoendesha kompyuta) ikikaa vizuri kwenye soketi ya ubaomama, yaani bodi inayounganisha vipuri vyote, itawaka. Ni fikra ya kueleweka, maana soketi ndiyo inayoonekana. Lakini ubao huitambua prosesa kupitia BIOS, programu iliyomo kwenye chipu ya ubao wenyewe.

Chukua ubao wa B450, soketi AM4, wa mwaka 2018. Prosesa ya Ryzen 5 5600 ya 2022 inaingia bila shida, ila BIOS ikiwa ya zamani feni zitazunguka na skrini ibaki nyeusi. Fundi asiye makini atalaumu RAM (kumbukumbu ya muda).

Kabla ya kulipa pale Luthuli Avenue, Nairobi, fungua ukurasa wa ubao huo kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta orodha ya prosesa, usome toleo la BIOS linalohitajika. Linganisha na toleo lililoandikwa kwenye stika ya ubao, kama ipo, au muuzaji auwashe kwa prosesa ya zamani uone toleo lililomo; likiwa la zamani, BIOS isasishwe. Baadhi ya mbao husasishwa BIOS kwa flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 bila prosesa kabisa, hizo ningezipendelea. Unaposasisha, tumia UPS (betri ya akiba): stima ikipotea katikati, BIOS inaweza kuharibika.